Chupa Inayofungwa na Pamba

Tangu niwaachie nyinyi wajukuu wa kazi meza yangu mu soko ya Katoyi, simu haijanyamaza. "Koko, kuko mama hapa, uso unawaka mafuta, nimupe gel ao nimupe sabuni ya kipande?" "Koko, huyu anasema ngozi inamukaza akimaliza kunawa, nimuambie nini?" Nimewaambia niko nyumbani, miguu imevimba, na mutu aliyeacha kazi ameacha kazi. Hamukusikia. Basi ninaandika mara moja tu. Musome, kisha muniache nipalilie lengalenga zangu.

Sitaandika nilipata nini wala nilipanda namna gani. Mulinikuta juu ya kiti cha plastiki na mumeniacha juu ya kiti kile kile. Nitaandika kazi yenyewe, jinsi ya kumuchagulia mutu kitu cha kunawia uso, na kosa moja. Lile kosa wengine wenu mulilisikia kwa midomo ya watu, na midomo ya watu imeliongezea chumvi. Sasa mulisikie kwangu bila chumvi.

Nilianza nikiwa na mimba ya mutoto wangu wa pili. Shule nilikuwa nimeacha mwaka wa pili wa primaire, baba alipoona kwamba maharage hayajipandi yenyewe. Namba nilizijua. Herufi nilizijua moja moja, kama mutu anayejua majirani zake lakini hajui wanaongea nini wakikutana. Mama Kahindo, mwenye meza ya sabuni, alikuwa anatafuta mutu wa kukaa naye. Hakuniuliza kama ninasoma. Aliniuliza kama ninaogopa maji ya baridi.

Siku ya kwanza hakuniachia nimuguse muteja hata mmoja. Aliniwekea beseni mbili mbele yangu na kunipa kipande kimoja cha sabuni. Beseni moja ilikuwa na maji ya ziwa, yale yanayoletwa na bidoni juu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao. Nyingine ilikuwa na maji ya mvua, ya bati ya nyumba yake. Akaniambia nioshe mukono wa kushoto huku na wa kuume kule.

"Unasikia nini?"

"Huku povu imekataa, mukono unakwama. Huku inateleza."

"Sabuni ni mbili?"

"Ni ile ile, Mama."

"Basi usiuzishie mutu sabuni kabla hujajua anateka maji wapi. Watu watakuambia sabuni yako ni mubaya, na wewe utaamini."

Hayo yalikuwa masomo ya siku nzima. Saa zilizobaki nilipanga vipande vya sabuni na kupanguza vumbi nyeusi ya barabara, ambayo ilirudi kabla sijamaliza. Leo mungesema ni formation. Sisi tulisema ni kukaa na Mama Kahindo.

Maswali yake yalikuwa matatu, na ni yale yale mumenisikia nikiuliza miaka yote. La kwanza: unanawa na maji gani? La pili: mchana kutwa, ni nini inagusa uso wako? La tatu: ukimaliza kunawa unapaka nini? Muteja akijibu hayo matatu, wewe tayari unajua utamupa nini, na yeye anafikiri umemuroga. Asiyetaka kujibu, mumuache anunue anachotaka. Hao wako wengi, na uso ni wake.

Nilimuona akimufanyia hivyo motari mmoja, wale wa kubeba watu kwa pikipiki. Paji lote la uso lilikuwa na vipele, mustari umenyooka kama uliopimwa na rula. Kijana alitaka sabuni ya nguvu, ile yenye harufu ya hospitali. Mama Kahindo hakugusa sabuni. Alimuomba kaske yake, ile kofia ngumu ya pikipiki, akaigeuza, akasugua kitambaa cha ndani na kidole, akamuonyesha kidole.

"Hii umeiosha lini?"

"Kaske inaoshwa, Mama?"

"Nenda uioshe. Uso wako hauna shida, unalala na mutu muchafu tu."

Hakumuuzishia kitu. Wenzake walicheka mpaka mwisho wa mutaa. Baada ya wiki mbili alirudi, paji limetulia, na wale waliocheka wako nyuma yake na kaske zao mukononi.

Mwingine alikuwa mama wa kukaanga mandazi. Mchana kutwa mafuta yanamurukia, basi alikuwa ananawa mara tatu kwa siku na sabuni ya kufulia nguo. Uso uling'aa kama sufuria yake. Alifikiri bado hajanawa vya kutosha. Mama Kahindo alimueleza kwamba ngozi ukiinyang'anya mafuta yake yote, inatafuta mengine haraka, kama mutu aliyeibiwa. Alimupa gel ya povu, ile laini, mara moja tu, mangaribi akishazima moto. Asubuhi maji matupu. Yule mama alikasirika, alidhani amenyimwa dawa. Mwezi ukaisha, uso ukakauka vizuri.

Na kuko yule aliyekuja kuuliza gommage, ile yenye punje za kusugua ngozi. Mama Kahindo alimuangalia kuanzia viatu.

"Unatokea wapi hivi?"

"Rutshuru, Mama. Nimekuja na moto, juu ya pikipiki."

"Basi gommage umeshafanya tangu Rutshuru. Nawa."

Musicheke. Ni jibu la kazi. Mutu ambaye vumbi ya mawe ya mulima imemupiga njia yote hana sababu ya kununua punje zingine ajisugue nazo. Anahitaji kitu laini na maji mengi. Nimewaona nyinyi mukiuzisha gommage kwa kila anayeuliza. Mumechoka kuongea, najua. Lakini ongeeni.

Sabuni ya kipande ni ya ngozi ngumu isiyo na malalamiko, na hata hiyo ni sabuni ya kuogea, si ya kufulia. Gel ni ya uso wa mafuta. Kwa uso mukavu, kama ule wa mama za viazi kutoka Kibumba ambao baridi ya kule imewapasua mashavu, povu ni adui. Hao wanataka kitu cha mafuta kidogo kinachotoa uchafu bila kuwakwangua. Wakati wa Mama Kahindo hatukuwa na kitu hicho. Kilipofika, mimi ndiye nilikiharibu.

Lakini kwanza sheria yake moja, sababu bila hiyo hamutaelewa. Meza yetu haikuuzisha kitu cha kubadilisha rangi. Wengine pale sokoni waliuzisha, na wanauzisha mpaka leo: wanachanganya tube hii na ile, wanamimina ndani ya kachupa kadogo kasiko na karatasi wala jina, wanasema ni mélange. Mutu anapaka, anakuwa mweupe mwezi mmoja, kisha anakuwa rangi tatu. Mama Kahindo alisema mutu akitaka kuuzisha hiyo akae meza nyingine. Nilikaa meza yake, na watu walijua hivyo. Jina la meza yetu lilikuwa hilo tu.

Mama Kahindo akarudi kwao Butembo kukaa na binti yake. Aliniachia beseni mbili, kioo chenye ufa, na kile kikombe chenye mudomo mwembamba cha kumiminia. Kikombe hicho mukikumbuke. Si kila mama anaweza kubeba chupa nzima, basi sisi tulikuwa tunafungua chupa kubwa na kupima ndani ya vichupa vya dawa ya kikohozi tulivyoosha na kuanika. Karatasi yenye maandishi ilibaki kwenye chupa kubwa, kwangu, chini ya meza. Maneno yalibaki mudomoni mwangu. Muteja alinunua mudomo wangu.

Siku moja zilikuja chupa mpya, nyeupe, zenye ua la rangi ya samawati. Nilisoma neno la kwanza. Ninasema nilisoma, lakini nilitambua sura tu, kama mutu anatambua ng'ombe wake kwa mbali: lait. Sisi tunalitamka le. Hapa Goma kila mutu anajua le ni nini. Ni mafuta ya maji ya kupaka mwili ukishaoga. Unapaka, unaacha, unavaa, unaenda kanisani. Kulikuwa na neno la pili nyuma yake, refu. Nilidhani ni jina la ua.

Basi nikauzisha le.

Wa kwanza kuja walikuwa Mama Masika na binti yake Katungu. Mama Masika ni mufanyabiashara, anapeleka vitunguu na kurudi na vitambaa, leo Butembo kesho hapa. Katungu alikuwa ameingia kwa masista, wale tunaowaita mamere. Alikuwa hajavaa kitambaa cha kichwa bado, alikuwa katika mwaka wa kuangaliwa. Ilibaki majuma matano mamere wakae na kuamua nani anavaa na nani anarudi kwao. Alikuwa na vipele vichache shavuni, vya ujana tu.

"Mama Meza, mutoto wangu atasimama mbele ya altare," Mama Masika alisema. "Sitaki asimame na uso kama kikwangulio."

"Mama," Katungu akasema, "Mungu haangalii vipele."

"Mungu haangalii. Shangazi zako wataangalia."

Niliuliza yale maswali matatu. Maji: ya mvua, masista wana tanki. Mchana: shamba la mboga, jua. Kisha anapaka nini: hakuna. Ngozi ilikuwa kavu. Nikamupimia kachupa kamoja ka ile le mpya.

"Kunaandikwa nini kwenye chupa kubwa?" Katungu akauliza. Yeye alikuwa amemaliza shule.

"Inaandikwa upake asubuhi na mangaribi," nilisema, "na usinawe."

Niliyasema bila kusitasita. Mutu asiyejua kusoma anajifunza kusema haraka.

Majuma matatu yakapita. Asubuhi moja Mama Masika alifika sokoni bila kusalimia mutu, na mutu wa Butembo akikosa kukusalimia ujue mambo yameharibika. Alisimama mbele ya meza yangu na kuniuliza kwa sauti ya watu wote:

"Uliuzishia mutoto wangu nini?"

Uso wa Katungu ulikuwa umewaka. Kwanza ulikuwa mwekundu, kisha ngozi ya mashavu ikabanduka vipande vipande, na palipobanduka pakabaki peupe kuliko pengine. Rangi mbili, tatu. Kila mutu wa Goma akiona uso wa namna hiyo anajua jina lake. Mamere waliingia chumbani mwake, wakakuta chini ya mutungi kachupa kadogo kasiko na karatasi. Wakamuuliza kama anajibadilisha rangi. Akasema hapana. Wakamuuliza ni nini basi. Akasema ni le. Wakamuuliza ya jina gani, imetoka duka gani. Akasema ni ya kupimiwa sokoni, jina halijui. Ilibaki Juma Pili mbili. Walikuwa wamemuambia aanze kufunga vitu vyake.

Mimi nilikana. Ninaandika hivyo hivyo. Nilisema meza yangu haiuzishi mélange, kila mutu anajua, na hiyo ilikuwa kweli. Nilisema labda ni sabuni ya kufulia ya masista, na hiyo haikuwa kweli, na nililijua hilo nikiwa bado ninalisema. Mama Masika aliniangalia kidogo.

"Nilikuamini sababu ya Mama Kahindo," alisema. Akaenda.

Jirani yangu wa meza alikuwa Mama Esperance, muuzaji wa nywele za kusuka. Alisoma mpaka mwaka wa ine wa secondaire na hakutuacha tusahau. Nilingoja watu wapungue, nikatoa chupa kubwa chini ya meza, nikamuambia macho yangu yanauma, anisomee.

"Macho yanauma tangu tujuane," alisema. Lakini alisoma. "Lait nettoyant. Appliquer sur le visage. Rincer à l'eau."

"Kwa Kiswahili."

"Le ya kusafishia uso. Unapaka, kisha unaosha na maji." Akasimama. "Wewe! Si ulikuwa unawaambia wasioshe?"

Nilichukua chupa mikononi mwake.

"Mama weee! Umewapakaza watu sabuni, umewatuma kwenye jua na sabuni usoni!" Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Kisha alikumbuka Katungu na akaacha kucheka. "Utafanya nini?"

Niliwaza. Chupa yenye karatasi ilikuwa mikononi mwangu tu. Nikikaa kimya, meza inabaki na jina lake, na mutoto wa watu anarudi Butembo na jina la mutu wa kujichubua aliyedanganya masista. Nikienda, ninabaki mimi na jina: muuzaji wa vya uso asiyejua kusoma chupa. Wateja wangesikia kabla sijarudi sokoni. Sikuwa na kazi nyingine mu mikono. Nilikaa na mawazo hayo siku mbili. Siku mbili ni nyingi kwa mutu anayefunga vitu vyake, na sina cha kujitetea hapo.

Siku ya tatu nilifunika meza, nikafunga chupa ndani ya kitenge, nikaenda kwa miguu mpaka kwa mamere.

Mukubwa wao alikuwa mutu wa sauti ndogo. Watu wa sauti ndogo ndio wa kuogopa. Kachupa ka Katungu kalikuwa juu ya meza yake.

"Hii ni yako, Mama?"

"Kachupa kalikuwa ka dawa ya kikohozi, Mamere. Kilicho ndani ni changu."

Nikafungua kitenge na kusimamisha chupa kubwa kando ya ile ndogo. Alivaa miwani. Alisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma, polepole, kama anayesoma barua ya mutu mwingine.

"Hapa wanasema kupaka, kisha kuosha."

"Ndiyo."

"Ulimuambia hivyo?"

"Nilimuambia asioshe."

"Kwa nini?"

Njiani nilikuwa nimetengeneza majibu matatu, na yote yalikuwa mazuri. Yaliniishia pale.

"Sababu sijui kusoma, Mamere. Niliona lait, nikadhani ni le ya kupaka."

Alivua miwani. "Umeuzisha vitu hivi muda gani?"

"Mutoto wangu wa pili sasa ana watoto wawili."

"Na watu wanajua hujui kusoma?"

"Jirani yangu wa meza. Tangu juzi."

Alikunja miwani, akaiweka kando ya chupa. Kisha alisema, "Wenzangu hawakuamua arudi sababu ya uso, Mama. Uso unapona. Waliamua sababu walimuuliza akasema hapana, wakaona anadanganya. Kwetu hilo ni kubwa kuliko ngozi. Sasa ulichoniambia mimi, utawaambia wao. Saa sita, kwenye meza ya chakula. Wote."

Walikuwa kumi na wawili, pamoja na wasichana watatu wa mwaka wa kuangaliwa. Katungu alikuwa mwishoni, na uso wake, macho chini. Nilisimama na chupa mukononi. Nilisema sijui kusoma, nilisema niliona neno moja nikaacha la pili, nilisema mutoto alifanya nilichomuambia bila kuongeza wala kupunguza. Bukari ilikuwa inapoa kwenye sahani. Hakuna aliyegusa.

Mamere mmoja muzee, wa kando ya dirisha, aliinua mukono.

"Mama, mimi nina chupa yako chumbani. Ile ya kupaka miguu. Hiyo ni le ya kweli?"

"Ni le ya kweli, Mamere," nilisema. Kisha, sababu nilikuwa nimekuja kusema kweli, niliongeza: "Ninadhani."

Wakacheka, hata mukubwa. Katungu hakucheka. Lakini aliinua macho, na ilikuwa mara ya kwanza aniangalie tangu niingie.

Katungu alibaki. Waliniambia pale pale, wakaniambia na jambo la pili. Mukubwa alisema: "Katungu amepewa kazi ya kufundisha wamama wa parokia kusoma, siku ya Kwanza na ya Tatu, saa tisa. Wewe utakuwa kwenye benchi ya mbele." Hakuuliza kama nina nafasi.

Siku ya kuvaa kitambaa nilisimama nyuma kabisa, karibu na mulango. Mashavu yalikuwa bado na alama mbili, moja kila upande, na kitambaa cheupe kilizionyesha vizuri sana. Shangazi zake waliangalia. Yeye alisimama wima mpaka mwisho. Mama Masika alipita kando yangu akitoka, akasema, "Umekuja." Nilisema nimekuja. Maneno yetu yalikuwa hayo kwa mwaka mzima.

Sokoni ilikuwa kama nilivyofikiri. Wateja walipungua. Wengine walikuja kucheka tu: "Mama Le, nioshe ao nisioshe?" Niliwajibu waoshe. Kila niliyemukumbuka kwamba alinunua ile le nilimutafuta, nikamuambia, na wawili walinitukana, sawa. Tangu siku hiyo sikupima tena kitu bila kukata karatasi, kumuandikisha anayejua kusoma, na kuibandika kwenye kichupa.

Kuandikisha, mpaka nilipoanza kuandika mwenyewe. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, benchi za watoto, magoti yetu yanafika kidevuni. Siku ya kwanza wamama wengine waliandikiwa majina yao. Katungu alikuja kwangu na chaki, akaandika kwenye kibao changu neno refu, tena refu.

"Hili ni jina langu?"

"Hapana, Mama. Ni nettoyant."

"Ni refu sana kwa kuanza. Nipe fupi."

"Na uso wangu ulichukua muda, Mama," alisema, akaenda kwenye benchi nyingine.

Nilichukua majuma mawili kulisoma bila kusaidiwa. Barua za mukutano, kanuni za imani, hizo zilikuja baadaye na zilikuwa nyepesi.

Sasa pamba. Mumekuta desturi hii na mukaifuata bila kuuliza, na juzi nimesikia mumoja wenu anasema aiache sababu watu wa siku hizi wanasoma, wana simu, wanapiga picha chupa na simu inawatafsiria. Pamba ilianza mwezi ule ule. Niliwaza: mimi nitajifunza kusoma, lakini mama wa Kibumba aliyeshuka na viazi vyake hajajifunza, na le hii ndiyo inayomufaa kuliko vyote. Basi kila chupa ya le ya kunawia, kubwa ao ndogo, niliifunga shingoni kipande cha pamba na lastiki. Pamba inasema: hiki ni cha kupanguza. Unapaka, unapanguza, unaosha, umemaliza. Chupa isiyo na pamba ni ya kupaka na kuacha. Mama Esperance alicheka, akasema chupa zangu zinaonekana kama zinaumwa na meno. Lakini mezani kwa wengine zilianza kuonekana chupa zinazoumwa na meno, mpaka mustari wote. Leo wateja wanauliza "le ya pamba" na "le ya bure," ile isiyo na pamba, na hakuna anayekosea. Simu inaweza kuzima. Karatasi inaweza kulowana. Musiache pamba.

Siku yangu ya mwisho, Mamere Katungu alipita. Ninamuita Mamere, ingawa nilimujua akibishana na mama yake. Miaka yote hii alikuwa ananunua kwangu kitu kimoja tu, sabuni ya kipande. Anaichukua, anainusa, ananiuliza bila kucheka: "Hii ni ya kunawa, Mama?" Ninamujibu ni ya kunawa. Anaenda. Alama za mashavu zilishaisha zamani. Lakini ngozi yake ni kavu, sasa anazeeka naye, na sabuni ya kipande inamukaza. Nilikuwa ninaliona hilo kila mwezi na sikuwa na uso wa kusema.

Siku ile alinyosha mukono kwa sabuni. Nilimuambia aache. Nilichukua chupa yenye ua la samawati, na pamba shingoni, nikavaa miwani. Nilimusomea mbele. Nikaigeuza nikamusomea nyuma, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, kupaka, kupanguza, kuosha, mpaka herufi ndogo za chini kabisa zinazosema uiweke mbali na watoto. Nyuma yake kulikuwa na wateja wawili, wakangoja. Hakunisahihisha hata mara moja, na yeye ni mwalimu.

Akatia chupa ndani ya mufuko wake.